Kipimo cha Samaki wa Muhazi

Heri niseme mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa Remera, ninakoongoza. Wiki iliyopita niliwaita wavuvi wa ziwa Muhazi ukumbini, watuambie wanataka ziwa lao litunzwe vipi. Siku hizi za vyama vingi kila mtu ana la kusema. Asubuhi nilipita baa ya jirani, nikamwambia mpishi anipikie chakula changu cha kila siku, ila cha watu wengi.

Wavuvi walikuja kusema, lakini niliyesema ni mimi. Niliinua kijiti cha kupimia: samaki asiyefika hapa arudishwe majini, bado mtoto! Mama Mukamana, mchuuzi wa samaki, akauliza watakula nini wakisubiri akue. Nikamjibu kwamba tumbo nalo lifundishwe adabu. Waliguna, lakini nilipoomba wanaokubali wanyooshe mikono, mikono ikapanda.

Ndipo mpishi akaingia na sinia, samaki wa kukaanga kama viganja vya watoto, akaniita kwa cheo changu:

“Shefu, ile samaki ndogo-ndogo unapendaga, ya kutafuna na mifupa, leo iko mingi!”

Mikono yote ikashuka, isipokuwa wa Mama Mukamana. Alikuwa anaomba kijiti.