Usukani wa Bomba la Maji

"Hata uje na winchi, mama yako hapandi hilo dude." Hayo aliyasema jirani yetu, fundi mwashi, mbele ya watu, siku niliporudi Songea na pikipiki yangu. Shemeji yangu, seremala, akaongeza kwamba nimetoka Zambia na chuma cha maonyesho.

Hawakujua wanaongea na nani. Nilikuwa na stashahada ya ufundi mitambo, niliyojisomesha mwenyewe kwa kuosha malori. Pikipiki yenyewe ilikuwa kruza, ndefu, nzito, yenye kiti cha chini kabisa. Pale mjini sikuona nyingine ya kufanana nayo.

Kiti hicho ndicho kilichonifanya niinunue. Mama aliumwa nyonga. Kila mwezi alitakiwa hospitali ya Peramiho, na ngazi ya basi dogo ilikuwa inamliza. Mara mbili aliishia stendi, akarudi nyumbani na kutudanganya kwamba amepona. Nikamwahidi kumpeleka mwenyewe, akiwa ameketi kama kwenye kochi.

Kikwazo kilikuwa usukani. Mwenye pikipiki wa kwanza aliweka ule mnyoofu wa mashindano, unaomlaza dereva mbele. Mama angeshika nini, hewa? Wakati huo maduka yalikuwa yameanza kujaa vitu tulivyozoea kuvisikia tu, na nilipata vioo, taa na vikanyagio vya kampuni nisizozijua. Usukani sikuupata. Nikaamua kuutengeneza.

Wale walionicheka ndio walionikopesha. Shemeji aling'oa egemeo la kiti chake mwenyewe. Mama mmoja fundi cherehani alinipa sponji. Mwashi alileta kipande cha bomba la maji.

"Nakukopesha, Injinia," alisema, "ili nikucheke vizuri."

Nilijaza bomba mchanga mkavu, nikaziba ncha, nikalichoma kwa mkaa na kulipinda taratibu kwenye kisiki. Halikubonyea popote. Usukani ulipanda hadi usawa wa kifua na kurudi nyuma kama pembe za ng'ombe. Nasema bila aibu: ulipendeza.

Jumamosi nikafanya jaribio, mama akitazama kutoka barazani. Mahali pake nyuma nilifunga gunia la mahindi. Nikaondoka vizuri. Nilipokata kona kushoto, injini ikanguruma yenyewe, pikipiki ikaruka na kuvamia tanuri la matofali la mwashi. Gunia likapasuka. Kuku wa mtaa mzima wakaja.

"Injinia!" mwashi alipiga kelele. "Mama yako huyo, kuku wanammaliza!"

Nilijua kosa langu kabla sijainuka. Waya wa mafuta, unaotoka mkono wa kulia hadi kwenye kabureta, ulikuwa bado ule wa usukani wa zamani. Nilipouinua usukani, waya ukawa mfupi. Kila nikikata kona kushoto, ulivutika kana kwamba nimeongeza mafuta. Mwenye stashahada nilipima kila kitu isipokuwa huo.

Nilikwenda barazani nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Nilitegemea mama aseme basi, atapanda basi.

"Gunia halina mikono, baba," alisema. "Mimi nitakushika. Wewe tengeneza."

Waya mrefu niliagiza Dar es Salaam kwa kondakta wa basi. Ulipofika, niliuzungusha usukani mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia, injini ikiwaka, mara ishirini. Haikunguruma. Siku yake ya hospitali ilipofika, mama aliketi, akaegemea, akanishika kiunoni. Tulipofika Peramiho aliuliza mbona tumefika mapema.

Miezi iliyofuata nilichomelea mageti na majembe ya watu, nikanunua sponji mpya, egemeo jipya la mninga na bomba jipya. Nilivirudisha vyote kwa siku moja, mama akiwa nyuma. Fundi cherehani alipokea sponji yake kwa vigelegele. Shemeji aliligonga egemeo lake mara mbili, akakubali kwamba ni mninga. Mwashi tulimwacha wa mwisho.

"Shikamoo. Bomba lako hili."

"Marahaba. Mimi nataka lile lile."

"Lile harudishiwi mtu."

Akacheka. Mama akaiacha fimbo yake ya kutembelea kwenye kiti, akateremsha mguu mmoja, kisha wa pili, akasimama mbele yake.

"Haya, baba," alimwambia. "Winchi iko wapi?"