Taki

Fundi cherehani alikuwa akishona kola ya shati wakati wifi yake alipokuja kumchukua mtoto akamlee kwake.

"Mtoto halelewi kwenye vitambaa, wifi. Njoo kwa shangazi, mama!"

Mtoto, aliyeanza juzi tu kusimama dede, aling'ang'ania mguu wa meza. "Taki!"

"Umemsikia? Anataka!"

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali. Neno hilo alilisikia kila alipoleta beseni la kumwogeshea.

"Akitaka husema 'taka', wifi. Hiyo ni 'sitaki', ulimi tu haujaiweza 'si'."

"Aa, maneno ya mtoto hayo!"

"Basi sikia langu mimi mama yake, lina herufi zote: sitaki."

Akakanyaga pedali, cherehani ikanguruma.