Kikombe cha Kabula

Wateja wa Kabula pale Makanyagio, wengi wao vijana wa bodaboda, walimsifia kwa mambo mawili: wali wa mchele wa Majimoto, na usafi. Hakuna aliyewahi kumwona akilamba mwiko. Akitaka kuonja mchuzi aliudondoshea kiganjani, akaonja, akanawa kwa sabuni, ndipo akarudi kwenye sufuria. Alikuwa na sahani yake ya bluu na kikombe cha bati kilichobanduka rangi ukingoni. Alivifunga kwenye kitambaa, wala hakuna mwingine aliyevigusa, hata mjukuu wake.

"Mama huyu ana maringo," vijana walimtania. "Anaogopa mate yetu."

Aliyaogopa ya kwake.

Miaka kumi na moja nyuma, mume wake Masele alikonda, akakohoa, akafa kule Majimoto walikohamia na ng'ombe kutoka Usukumani. Hospitali hakufika. Majirani hawakusema neno, ila pale msibani vikombe vya uji alivyogawa Kabula vilirudi jikoni vimejaa vilevile. Akaelewa walichodhani, na mwisho akakiamini. Hakwenda kupima. Alikuja Mpanda mjini kupika, na tangu siku hiyo akala peke yake.

Sasa bwana afya, Fredrick, alikuwa amepita kwenye vibanda vyote. "Mama lishe wote, Jumatano semina! Mkitoka semina mnapima. Asiye na kadi ya afya, Jumatatu asiwashe moto."

Neno "kupima" lilimchoma Kabula. Mjini hapa ukisema fulani kaenda kupima, hakuna anayeuliza kapima nini.

"Nafikiri nipumzike kazi," alimwambia Hana, mke wa mwanawe, aliyemsaidia kupika chapati pale kibandani. "Magoti."

"Magoti gani, mayu, mama yangu? Juzi umebeba gunia la mchele nikabaki nakushangaa." Hana alimtazama kidogo. "Tutakwenda wote. Nitakaa nje nikusubiri."

Kwenye semina walifundishwa kukata kucha, kufunga nywele, kunawisha wateja kwa maji yanayotiririka, si kwenye beseni moja. Kisha Fredrick akauliza nani ataonyesha namna ya kuonja mchuzi. Mama lishe wenzake wakamsukuma Kabula mbele. Akadondoshea kiganjani, akaonja, akanawa.

"Mnaona? Huyu ndiye mwalimu wenu!"

Wakampigia makofi. Kabula aliangalia sakafu, kama mtu aliyepewa zawadi ya mwenzake kwa bahati mbaya.

Kwenye kituo cha afya, nesi Scolastica alimkabidhi vikopo viwili vyenye vifuniko. "Hiki cha mkojo, hiki cha choo. Tunaangalia minyoo, taifodi na mengineyo."

Kabula alivigeuzageuza. "Na damu?"

"Damu ya nini, mama?"

"Si mnapima... ule ugonjwa?"

Nesi akainuka, akafunga mlango. "Ule hauhusiani na kadi. Hata aliye nao anapewa, anapika, watu wanakula wanashiba. Hauambukizi kwa sahani wala kwa kikombe."

"Wala kwa mwiko uliolambwa?"

"Mwiko usilambe, ni uchafu. Lakini ugonjwa ule, hapana."

Kabula alikaa chini taratibu. "Miaka kumi na moja," alisema. Nesi hakujua anahesabu nini.

"Basi nipime na huo. Nimechoka nao."

Akachomwa kidole, akaambiwa asubiri nje.

Hana alikuwa kwenye benchi na kikombe cha chai alichonunua getini. Kabula aliketi kando yake. Alikichukua kikombe mkononi mwa Hana, akanywa, akamrudishia.

Hana aliuangalia ukingo uliolowa. Miaka sita aliyoolewa nyumba ile, hajawahi kuliona hilo. Akakizungusha kikombe mpaka palepale palipogusa midomo ya mama mkwe wake, naye akanywa.

"Sukari kidogo," alisema.

"Wamebana," Kabula alijibu.

Nesi akaita. Kabula hakukawia ndani. Alipotoka alisimama mlangoni, vikopo viwili mkononi.

"Sina," alisema. "Nilikuwa najipikia woga tu, Hana. Sina."

Alifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akatazama benchi. "Chai yangu iko wapi?"

"Yako tena? Nimeimaliza, mayu."

"Haya, kanunue nyingine. Na hivi vikopo mwambie nesi navileta kesho, leo tumbo limekataa kabisa."

Hana alikuwa ameshafika getini, akicheka na kulia kwa pamoja, Kabula alipompigia kelele mpaka watu wakageuka:

"Kikombe kimoja tu! Usije na viwili!"