Mluzi wa Kunyweshea Ng'ombe

Mimi ni fundi mwenye diploma, iko ukutani kwenye fremu, na nyumba yangu ya mawe hapa Kitengela niliijenga bila kuomba mtu hata msumari. Siku niliyoitwa Sudan, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa nimelala juu ya gunia chini ya lori, naimba. Shirika moja lilitaka fundi wa malori ya chakula cha msaada. Nilikubali kabla sijatoka pale chini.

Miezi michache baadaye lori letu lilichomwa, na njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ng'ambo ya Mto Nile. Kivuko kilishikwa na wanamaji wa serikali, na boti yao ilipiga risasi kila mtumbwi. Ng'ombe tu ndio waliruhusiwa kuogelea, na wachungaji wawili, kwa sababu mkubwa wa boti alipewa fahali mmoja kila kundi lilipovuka.

Dereva wa lori letu, Deng, aliyejifunza Kiswahili akiwa mkimbizi Kenya, alikuwa na ng'ombe wa babake karibu na hapo.

"Fundi, unajua kuogelea?"

"Kwetu Kajiado, kukavu vile, tutaogelea wapi?"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Basi shika mkia wa ng'ombe. Usiachilie, hata akikunyia."

Pale ukingoni mkubwa wa boti alitazama mikono yangu, akafoka kwa Kiarabu.

"Anasema una oili kwenye kucha," Deng alininong'oneza. "Mchungaji hana oili."

Mkubwa hakujua nimetoka wapi. Utotoni nilichunga ng'ombe wa jirani Mmaasai ili nisome. Nilisogea majini nikapiga mluzi wa kuwanyweshea, ule mrefu unaoshuka polepole. Ng'ombe ambao hawakuwahi kuiona Kajiado waliinamisha vichwa, wakanywa. Mkubwa akacheka, akatupungia tupite.

Deng alitangulia, akiimba jina la dume wake mweupe, Mabior. Mabior akamfuata, kundi likamfuata Mabior, nami nyuma na mkia wangu.

Katikati ya mto risasi za waasi zikatoka msituni. Boti ikajibu.

Nilishika mkia.

Wimbo ukakatika.

Miguu ilipogusa tope nilipiga kelele za furaha. Deng alikuwa amesimama, maji kiunoni, mzima, akitazama nyuma. Mabior alikuwa akichukuliwa na maji, ubavu juu. Risasi ilikuwa ya nani, hatukujua.

"Kwetu kijana hupewa dume mmoja wa kumwimbia maisha yake, na watu huniita kwa jina la huyu," Deng alisema.

Miaka ilipita, akanitembelea. Nilimpeleka nyuma ya nyumba, kwa ndama dume mweupe niliyemnunua Kajiado.

"Huyu ni wako. Mwimbie."

Alimpapasa masikio muda mrefu. Nikajaza karai maji, nikapiga mluzi, ndama akanywa. Deng alicheka vilevile kama siku ile, mpaka akakaa chini.

Lakini hakuimba.