Mchanga Katika Ugali wa Matanga

Mama alifia kwetu Kiseke, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila aliyeweza kufungua duka akafungua. Zamani unga tuliupangia foleni kwenye duka la ushirika, na ukikosa umekosa. Sasa ulikuwa kila kona, kwenye magunia yaliyoachwa wazi, na hakuna aliyejua mahindi yake yalianikwa wapi wala yalifagiliwa kwenye lori gani.

Mama hakununua unga huo hata mara moja. Alinunua mahindi, akayapeta, akayaosha, akayaanika kwenye turubai, ndipo akayapeleka mashineni. Majirani wote waliujua ugali wake. Nilitaka watu watakaotoka kumzika wale ugali kama ule. Sikuwa na jambo jingine la kumfanyia.

Lakini mtaani kwetu unga wa msiba ni wa kuchangiwa. Kila mwanamke huja na wake kwenye bakuli lililofunikwa kwa khanga, na wote humiminwa ndani ya pipa moja, ili asijulikane aliyeleta kidogo wala aliyeleta mbaya. Asubuhi ya mazishi nilifunua pipa nikaona vidudu vyeusi vinatembea juu ya unga. Nikaingiza mkono. Ulikuwa na joto, unanuka uvundo, na vidudu vilikuwa hadi chini. Nikaenda ndani kuchukua chekecheo cha mama.

Shangazi, dada wa marehemu baba, ndiye aliyesimamia jiko. Aliniona natoka nacho.

"Unakipeleka wapi?"

"Shangazi, unga una wadudu."

"Wataiva. Rudisha ndani."

"Mama hakuwahi—"

"Najua. Wifi yangu namjua kabla yako." Akashusha sauti. "Wenye unga wamekaa pale, wanakutazama. Ukichekecha, kila mmoja atasema mfiwa amekataa mchango wake. Mimi nitarudi kwangu, wewe utabaki nao hapa."

Nilikirudisha. Wanawake wakasonga ugali kwenye masufuria makubwa, nami nikaenda kumzika mama.

Tuliporudi watu walinawa, wakakaa kwenye mikeka. Walimega, wakatia mdomoni, wakatafuna. Ukisikiliza ulisikia meno yanasaga mchanga. Mzee mmoja, mtani wa mama, akaweka tonge chini.

"Jamani, kumbe kufukia hatujamaliza," alisema. "Mchanga mwingine tumeletewa kwenye sahani."

Watu wakaangua kicheko. Hata shangazi alijifunika mdomo kwa khanga, mabega yakitikisika.

"Mfiwa," mtani akaniita, "tuletee jembe tumalizie. Ila marehemu asijue. Akiujua ugali huu atarudi kuchukua ungo wake."

Mtani msibani hanuniwi. Ana ruhusa ya kusema lolote, na mfiwa hucheka au hunyamaza. Nilijaribu kucheka. Nilikusanya sahani zilizokuwa karibu nami, nyingine bado zina chakula, nikaenda nazo nyuma ya nyumba nikasimama huko.

Jioni, majirani walipokuwa wameondoka, nilichukua unga kidogo kutoka kwenye pipa nikauchekecha. Vidudu vilibaki juu, unga ukaanguka chini mweupe kabisa. Nilifurahi. Nikasonga ugali mdogo wa mtu mmoja, nikamega, nikatafuna. Mchanga ulikuwa mle mle. Ulikuwa umesagwa pamoja na mahindi, ukapita kwenye matundu kama unga wenyewe. Mama aliutoa mapema, kwa maji, mahindi yakiwa bado punje. Nilikuwa nimemchukia shangazi siku nzima kwa sababu ya chekecheo, na chekecheo kisingesaidia kitu.

Shangazi alichungulia jikoni.

"Umebaki mwingi?"

"Nusu pipa."

"Afadhali. Kesho wanafika ndugu wa Magu, na hao ni walaji."

Nikafunika pipa, nikaweka jiwe juu ya mfuniko.