Ngoro Kando ya Korongo

Mke wangu tulimzika kwao Lipingo, kando ya ziwa, kwenye shamba la familia linaloteremka mpaka kwenye korongo. Korongo lile karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Mbuzi hulala humo, na kina mama hufukua mashimo ya kuteka maji. Mimi ni Mmatengo wa huko juu, upande wa Kigonsera, na baada ya matanga kila mtu alitegemea ningefunga mizigo yangu nirudi. Sikurudi. Nilisema siwezi kumwacha peke yake, lakini ukweli ni kwamba aliyeogopa kuwa peke yake nilikuwa mimi.

Kitu kimoja kilininyima raha. Kaburi lilikuwa karibu mno na ukingo, na akilini niliona kabisa mvua kubwa ikiteremka shambani na kulisomba. Basi, ingawa haukuwa msimu wake, nikachimba ngoro, yale mashimo ya kwetu ya kukamata maji mteremkoni. Unafyeka majani, unayalaza kwa miraba, unayafunika udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo. Mvua ikija, kila shimo hunywa fungu lake na udongo hautoki. Kwetu mwanaume hufyeka na kupanga majani. Kuchimba ni kazi ya mwanamke. Nilifanya zote mbili. Hakuna aliyenicheka, kwa sababu watu wa ziwani hawajui ipi ni ya nani, na hilo nalo liliniuma.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mvuvi asiyeishiwa maneno, alikuja akasimama na nyavu begani.

"Shemeji, mashimo yote hayo unamzika nani tena?"

"Nakamata mvua."

"Mvua ya hapa haina neno. Tupange mawe huku chini, upande wa korongo. Nitakusaidia kubeba."

"Korongo lenyewe hata chura hana pa kunawa uso," nikamjibu. "Maji hukamatwa yanapodondokea. Sisi tumezaliwa milimani, tunajua."

Akainua mabega, akaenda zake. Mimi nikishashika jambo sishauriki.

Mchana mmoja wa Desemba, jua likiwaka na ziwa limetulia, nilikuwa nimekaa kaburini nikimsimulia mwenzangu habari za majirani. Ukaja upepo wa baridi kutoka korongoni, wenye harufu ya tope. Kina mama wakatupa ndoo, wakakimbia kupanda ukingo. Kisha nikasikia ngurumo, kama lori lililobeba mawe, na maji yakatokea kwenye kona yamesimama wima, ya kahawia, yakisukuma magogo mbele yake. Juu yangu hapakuwa na wingu. Kwenye ngoro zangu halikuwa limeanguka tone.

Yalianza kuula ukingo kwa chini. Nikalala juu ya kaburi, nikaukumbatia msalaba. Shemeji alinikuta hapo, akanishika mkanda wa suruali.

"Achia! Achia, utakwenda nao!"

Nilimpiga. Nilimtukana kwa Kimatengo, ambacho hakijui, naye hakuniachia. Alinivuta mpaka kwenye majani, na pale tulipokuwa pakamegeka pande zima, likaingia majini bila kishindo. Nililia kama mtoto. Mbele ya macho yangu ikapita migomba, kisha mbuni mzima na mizizi yake, kahawa mbichi zingali matawini. Pwani hii ya ziwa haina kahawa; hulimwa kwetu milimani. Hapo nikajua mvua ilikuwa imenyesha wapi.

Maji yalipopungua tulitafuta mpaka ziwani, kijiji kizima, kwa fimbo na kwa mikono. Hatukupata hata ubao wa msalaba. Ngoro zangu zilibaki zote, safi, zimejipanga mpaka kwenye ukingo mpya.

Jioni ile dada yangu alipiga simu. Ndiye aliyebaki na mashamba ya wazazi wetu huko juu, na mwezi mzima alikuwa akililia mahindi yake yanayokauka. Nilimwamkia, lakini kwa furaha aliyokuwa nayo hata hakuitikia shikamoo yangu.

"Mdogo wangu, Mungu ametukumbuka! Imenyesha tangu asubuhi, ngoro zote zimejaa mpaka zinamwagika, mto umeng'oa hadi migomba ya bondeni! Huko kwenu imenyesha?"

"Huku hapana, dada. Hata tone."

"Poleni jamani," akasema. "Basi kesho kanisani tutawaombea na nyie, maji yafike na huko."

Nikasema asante.