Mbuzi wa Busisi Apewa Sauti

Miaka ile ya biashara huria kila mtu Mwanza aligeuka mfanyabiashara. Mwalimu aliuza maandazi, mganga wa zahanati aliuza mitumba, na shemeji yangu, mume wa dada, ambaye hajawahi kumaliza barua ya ukurasa mmoja, alianzisha gazeti. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Mirongo, juu ya duka la vipuri. Ndani mlikuwa na kiti cha kuzunguka alichokipenda kuliko habari yoyote.

Mimi nilikuwa mpiga chapa serikalini. Jioni, nikifika nyumbani Mkuyuni, niliandika daftarini nilichokiona: mama aliyegombana na mbuzi wake kwenye kivuko cha Busisi, bibi jirani anavyoyapanga mapanki yake, mifupa ya sangara ya kuuza, kwa ukubwa kama wanafunzi paredi. Niliandika, nikasoma, nikacheka peke yangu, basi.

Dada akamwonyesha mumewe daftari.

"Shemeji, hii ni mali!" alisema. "Nani anasoma?"

"Mimi."

Akanitazama kana kwamba nimesema nakula udongo. "Sasa faida yake nini?"

Akaondoka nalo, eti alipitie tu. Wiki iliyofuata gazeti likatoka, ukurasa wa mbele: MBUZI AZUNGUMZA KIVUKONI. Chini yake jina langu kamili. Kazini mkuu wangu aliniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama mbuzi aliongea Kisukuma au Kiswahili.

Nilipanda ngazi za Mirongo bila kubisha hodi. Alikuwa anazunguka kitini.

"Limeisha lote! Watu wanataka mbuzi afike Geita."

Daftari lilikuwa mezani, limejaa wino mwekundu. Kwenye ukurasa wa marehemu baba akinyoa ndevu ziwani aliandika: "Hapa hakuna kitu." Kwenye ukurasa wa bibi: "Huyu awe mchawi."

Nikamwekea kidole kwenye mstari huo. "Shemeji, unajua kwetu bibi kizee anafanywa nini akiitwa mchawi?"

"Ni hadithi tu. Inauzika."

"Jiandike wewe, basi. Andika mtu mzima anayezunguka kitini mchana kutwa."

Nikachukua daftari langu nikashuka.

Gazeti lilikufa kabla ya mvua za masika, naye akahamia kwenye kukodisha kanda za video. Bibi aliendelea kupanga mapanki yake bila kujua alivyonusurika kuitwa mchawi. Mimi naandika bado. Dada akija kunisalimia, daftari nalikalia.